Kufuata kanga Masisi na Walikale: wikendi ya marafiki, bunduki ibaki nyumbani

Binamu aliyehamia Kentucky ametuma video. Amevaa nguo za mabakamabaka kama askari, kaegemea mti kabla jua halijachomoza, bunduki iko magotini, na mbele yake batamzinga dume anakuja ametandaza mkia kama bwana harusi. Wanaoitazama Sake, Nyabiondo au Walikale-centre wanacheka, wanaituma kwa wengine, kisha mmoja anauliza: na sisi si tuna msitu? Jumamosi tunangoja nini?

Swali si baya. Watu wa Kivu waliwinda kabla Kentucky haijapewa jina hilo, na siku mbili za kutembea msituni na marafiki ni dawa kwa yeyote aliyechoka na kelele za mji. Ila safari ya namna hiyo Masisi au Walikale haiwezi kunakiliwa kutoka kwenye simu. Ndege ni wengine, sheria ni nyingine, na bunduki iliyo chombo cha mchezo kwa yule binamu, huku ina maana nyingine kabisa. Kikundi kinachotaka kwenda na kurudi kamili, kikiwa na la kusimulia, kiifuate safari hii kwa macho na masikio, na nyama ya Jumapili itoke uani kwa mfugaji.

Batamzinga wa mwituni ni ndege wa Amerika. Hapa wapo wa kufugwa tu, wale wanaokimbiza watoto uani. Walio karibu naye kwa ukoo na kwa tabia ni ndege wakubwa wa kuchakura ardhini: kanga, kwale na tausi. Kanga wa madoadoa mwenye pembe kichwani, anayejulikana na wengi, ni wa mbuga. Kwao ni nyanda kama za Rwindi. Msituni anaishi nduguye, kanga wa kishungi, mweusi mwenye vidoa vya buluu iliyofifia na manyoya yaliyosimama utosini. Hutembea kwa makundi na hupenda kupita chini ya miti ambayo kima wanakula, akiokota matunda wanayoyadondosha. Anayetaka kumwona kanga basi na aanze kwa kusikiliza kima. Juu zaidi, kwenye misitu ya milima ya Kivu, yuko kwale mwenye mgongo wa hudhurungi na miguu myekundu, ambaye duniani kote hapatikani nje ya milima ya Bonde la Ufa la Albertine. Huyu ni mwoga. Mara nyingi husikika asubuhi na jioni bila kuonekana.

Halafu yupo tausi wa Kongo, na hapa inafaa kusimama kidogo.

Mwaka 1913 Mmarekani James Chapin, mtaalamu wa ndege, alipata huko Ituri unyoya mmoja uliokuwa umechomekwa kwenye kofia. Hakujua ni wa ndege gani, akautunza. Miaka zaidi ya 20 ikapita. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren nchini Ubelgiji, aliona ndege wawili waliokaushwa, wamewekwa juu ya kabati, na kibao kikisema ni tausi wachanga wa India. Unyoya wake ulikuwa wa ndege hao. Mwaka uliofuata alirudi Kongo akawapata msituni. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wakimfahamu ndege huyo siku zote. Hakuna aliyewauliza vizuri. Ni tausi wa pekee anayetokea barani Afrika, na hapatikani nje ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Dume ana rangi ya buluu iliyokolea, ngozi nyekundu shingoni na kishungi cha nywele nyeupe. Jike ni wa kahawia mwenye mgongo wa kijani kinachong'aa. Hana ule mkia mrefu wa tausi wa India. Jike hutaga mayai machache tu, mawili hadi manne, na usiku wawili hao huitana kutoka juu ya mti, mmoja akipokea sauti ya mwenzake. Misitu ya Walikale, kuelekea Maiko na upande wa bondeni wa Kahuzi-Biega, ni sehemu ya makao yake.

Huyu haguswi. Sheria ya Kongo inamlinda kikamilifu, na hata penye kibali cha kuwinda ndege wengine, yeye hayumo.

Kuhusu sheria yenyewe, wengi huamini kwamba msitu wa babu hauulizwi. Unaulizwa. Uwindaji nchini unaongozwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, na uhifadhi wa maumbile na sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014. Kwa ufupi unaomhusu msomaji: kuwinda kunahitaji kibali cha serikali, tena mbali na kibali cha kumiliki silaha, kuwinda usiku kwa kumulika tochi ni marufuku, sumu na moto pia. Ndani ya hifadhi za taifa zinazosimamiwa na ICCN hakuna kuwinda hata kidogo, na hapa watu wa Walikale wawe makini, kwa sababu mipaka ya hifadhi haina ukuta. Maiko, iliyoundwa mwaka 1970, ina kilomita za mraba zipatazo 10,800. Kahuzi-Biega iliundwa mwaka huohuo, ikapanuliwa mwaka 1975 hadi kufika kilomita za mraba 6,000, na upanuzi huo ndio ulioishusha kutoka milimani hadi kwenye msitu wa bondeni upande wa Walikale. Mtu anaweza kuanza Jumamosi kwenye shamba la shemeji yake na kufikia saa sita yumo hifadhini bila kujua. Ipo pia misitu ya jamii, iliyotambuliwa na dikrii ya tarehe 2 Agosti 2014, ambako wanakijiji wenyewe wameweka kanuni za nani anaingia na anafanya nini. Huko ruhusa haitoki Goma, inatoka kwa wenye msitu.

Yule binamu wa Kentucky naye, kwa taarifa tu, habebi bunduki kiholela. Mwanzoni mwa karne ya 20 batamzinga wa mwituni walikuwa karibu kwisha Marekani kwa kuwindwa ovyo na kukatiwa misitu. Walirudishwa kwa kazi ya miongo mingi: kukamatwa hai na kuhamishiwa misitu iliyobaki tupu, misimu mifupi ya uwindaji, na fedha zilizotokana na sheria ya mwaka 1937 iliyoelekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye uhifadhi wa wanyama. Leo wapo katika kila jimbo isipokuwa Alaska. Msimu wa kuchipua, kwa kawaida, linalowindwa ni dume tu, ili majike watage. Katika ile video hayo yote hayaonekani; kinachoonekana ni mlio wa bunduki na kicheko.

Sasa bunduki. Yapo maeneo duniani ambako mtu akikutana na kundi la vijana watano porini, wamebeba bunduki za kalibre 12 na kuvaa mabakamabaka, atawauliza kama wamepata kitu. Masisi si mojawapo. Rubaya ilitekwa na waasi wa M23 mwaka 2024. Januari 2025 ikafuata Masisi-centre, Sake na kisha Goma. Machi mwaka huohuo mapigano yakaingia Walikale-centre yenyewe. Kando ya M23 na jeshi la serikali kuna makundi ya Wazalendo na mengine ambayo hata wakazi huchoka kuyahesabu. Katika hali hiyo, yeyote mwenye silaha msituni ni mpiganaji mpaka athibitishe vinginevyo, na mara nyingi hapewi nafasi ya kuthibitisha. Mlio mmoja wa kumlenga kanga unaweza kukimbiza kijiji kizima mpaka bonde la pili, wagonjwa na wazee wakiwa migongoni. Kwa hiyo ushauri hapa hauna nusu: hakuna bunduki, hata kwa mwenye kibali, hata ile ya marehemu mjomba inayofyatuka siku ikipenda. Mitego ya waya nayo isiwekwe. Waya hauchagui, unamshika kanga, unamshika tausi, unamshika mtoto wa sokwe mkono, na mwenye mtego akiwa amerudi mjini mnyama anaoza pale.

Mavazi yanafuata hapohapo. Wawindaji wa batamzinga Marekani hufundishwa wasivae kitu chekundu, cheupe wala cha buluu, maana ndizo rangi za kichwa cha dume, na mwenzao anaweza kufyatua akidhani kaona ndege. Masisi rangi za kuepuka ni zile za jeshi: mabakamabaka, kijani cha kijeshi, hata begi au kofia ya namna hiyo iliyonunuliwa kwenye mitumba. Koti la mvua la njano halimvutii kanga, ni kweli, lakini linamwambia mtu aliye mlima wa pili kwamba anayetembea ni raia. Mkifika mahali pa kukaa kimya, livueni. Mkianza tena kutembea, livaeni.

Darubini nayo ni jambo la kufikiriwa. Bila hiyo, nusu ya ndege hawaonekani. Ukiwa nayo, unaweza kuulizwa unampelelezea nani. Suluhisho ni kuionyesha mapema. Mkuu wa kijiji aishike, atazame mwenyewe, apewe na watoto wake watazame. Baada ya dakika kumi kijiji kizima kinajua wageni wamekuja kutazama ndege, wanawacheka kidogo, na mambo yanakuwa mepesi. Droni isitajwe hata kwa utani. Picha za askari, vizuizi, madaraja na machimbo zisipigwe.

Maandalizi yaanze Jumatano, wala si kwa kununua vitu bali kwa kuuliza barabara. Waulizwe madereva wa pikipiki waliopita jana, mama wanaopeleka ndizi sokoni, mwenyeji wa kijijini kwa simu. Isikilizwe Radio Okapi. Majibu yakigongana, hayo yenyewe ni jibu. Kikundi kikubaliane kabla kwamba mtu mmoja akisema hapana, safari imevunjika na hakuna wa kumwita mwoga. Kwa walio Goma, kutoka mjini hadi Masisi-centre ni kilomita kama 80, ambazo wakati wa mvua ni safari ya siku nzima. Walikale ya ndani si safari ya wikendi kwa mtu wa Goma, na anayeahidi hivyo hajawahi kuisukuma pikipiki kwenye tope la njia ya Kashebere. Bora mtu wa Masisi atembee kwenye mabaki ya msitu na kingo za mashamba ya kwao, na mtu wa Walikale aanze na msitu ulio nyuma ya kijiji. Ndege hawajali kwamba mgeni hajatoka mbali. Miezi ya Juni na Julai, mvua inapopungua, ndiyo rahisi zaidi kwa miguu na kwa magurudumu.

Ruhusa iombwe kwa mpangilio: mkuu wa lokalite, mkuu wa groupement, na mamlaka inayoshika eneo siku hiyo, yeyote awaye. Kadi za uchaguzi au vitambulisho vingine viwe mfukoni, na nakala ibaki kwa mtu nyumbani pamoja na orodha ya majina na njia itakayofuatwa. Kwa wazee watu hawaendi mikono mitupu. Sukari, sabuni au chumvi inatosha, na maneno yawe machache na ya kweli. "Papa, tumekuja kutazama ndege, tunaomba mtu wa kututembeza" ni sentensi inayofanya kazi kuliko barua yenye mihuri mitatu.

Mtu wa kuwatembeza ndiye safari yenyewe. Atafutwe mwindaji mzee, si kijana mwenye maneno mengi. Walikale ina utamaduni wa uwindaji unaoheshimika: Wanyanga waliwinda kwa nyavu ndefu zilizotandwa msituni, na mbwa waliofungwa kengele za mbao ili mwindaji ajue mbwa yuko wapi na anafuata nini. Mzee wa aina hiyo haoni majani yaliyoparuliwa tu. Anaona kama yameparuliwa leo au jana, kwa unyevu wa upande wa chini wa jani. Atawaonyesha kinyesi, manyoya, na mti ambao kundi hulala. Malipo yake yapangwe kabla ya kuondoka, yatajwe mbele ya shahidi, na yawe malipo ya siku nzima hata kama mvua itawarudisha saa nne. Mizigo isibebeshwe watoto.

Akiwa na muda jioni, mzee huyo aombwe simulizi za Mwindo. Utenzi wa Mwindo, uliorekodiwa kwa Wanyanga mwaka 1956 kutoka kwa msimulizi Candi Rureke na kuchapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, una kisa kinachowahusu kabisa marafiki wenye hamu ya nyama. Mwindo, baada ya ushindi wake wote, anatamani nyama ya nguruwe mwitu. Anawatuma Watwa msituni. Wanakutana na joka Kirimu, linawameza watatu. Mwindo analiua. Lakini Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba, bwana wa radi, naye anamchukua Mwindo hadi angani akaonje baridi, mvua, mwezi na jua, kisha anarudishwa duniani kwa sharti la kutomuua tena mnyama wa msituni wala wa kijijini, hata mdudu. Hilo lilisimuliwa na kabila la wawindaji, wala si na mgeni aliyekuja na semina ya uhifadhi.

Asubuhi ya kutazama inaanza kabla ya mapambazuko. Kikundi kisizidi watu wanne na mwenyeji. Wakiwa wanane itakuwa harusi. Kila mmoja akae ameegemea mti mpana kuliko mabega yake, kanuni iliyotoka kwa wale wawindaji wa batamzinga na inayofaa hapa pia: inakinga mgongo, inaficha umbo la mtu. Simu zizimwe sauti. Nusu saa ya kwanza hutokea kidogo sana, mbali na siafu. Kisha msitu humsahau mtu aliyetulia. Mchakacho wa majani unasikika, unakoma, unaendelea, na kanga wa kwanza anatoka akigeuza kichwa upande kwa upande kabla ya kuwaruhusu wenzake. Asiyetulia hatamwona. Wala mtu asijaribu kuiga sauti za ndege ili wamsogelee: kama kuna mwindaji mwenye silaha bondeni, sauti hiyo itamleta yeye, naye atakuja akilenga.

Mkobani kuwe na mabuti ya mpira, soksi mbili za akiba, turubai, kamba, chandarua kwa walio Walikale ambako mbu hawapumziki, na sweta nzito kwa walio milimani Masisi ambako usiku ni baridi kweli. Chakula kisichohitaji moto kinapunguza moshi na maswali: karanga, ndizi zilizochomwa, chikwanga, na jibini la Masisi, ambalo husafiri vizuri bila barafu na halina mshindani katika nchi nzima. Kipande chochote cha chuma kilicholala njiani kisiguswe wala kupigwa teke. Mabomu yasiyolipuka hayajui kwamba ni wikendi. Mnyama au ndege aliyekutwa amekufa naye asiguswe, aachwe, na mkuu wa kijiji aarifiwe. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 2018 Kivu Kaskazini uliua zaidi ya watu 2,200 kabla ya kutangazwa umekwisha Juni 2020, na hakuna nyama ya bure inayostahili kurudia hesabu hiyo.

Mitego ya waya ikionekana, kikundi kisijifanye polisi. Mwenyeji ajue, mkuu wa kijiji ajue. Karibu na hifadhi, ICCN ijue. Aliyeitega pengine ana watoto wa kulisha na hana ng'ombe.

Imebaki habari ya chungu. Marafiki wakichanga, batamzinga mmoja wa kufugwa hulisha watu wengi kuliko kanga watatu wa msituni, na fedha inabaki kwa mfugaji wa hapohapo. Ndege achaguliwe akiwa hai na akitembea: macho makavu, pua safi, kinyesi kisicho cha kijani wala majimaji. Wakati wa kideri, ugonjwa unaofagia mabanda yote ya kijiji kwa siku chache, ndege wa bei rahisi ghafla ni wa kutiliwa shaka. Asifungwe miguu na kuning'inizwa kichwa chini kwenye pikipiki saa mbili. Afike kwenye kapu, kivulini. Achinjwe Jumamosi jioni, anyonyolewe kwa maji ya moto yasiyochemka ili ngozi isipasuke, akatwe, apakwe chumvi na pilipili, alale mahali pa baridi. Masisi hilo ni rahisi. Lisilo rahisi ni kuiva: mwinuko wa mita 2,000 hufanya maji yachemke kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, kwa hiyo dume mzee ambaye Walikale angelainika mapema, huku atahitaji saa moja zaidi na kuni za kutosha. Chungu kianze kabla ya watu kwenda kutazama ndege Jumapili, kiachiwe mtu anayejua moto, na alipwe naye. Bugali na sombe vinafuata. Firigisi itengwe kwa mwenyeji. Ndiye atakayeulizwa Jumatatu wageni wake walikuja kufanya nini.